Kona Niliyoisawazisha

"Emanueli, mke wako kanivua nguo mbele ya jumuiya nzima, na wewe umekaa hapo unatafuna muwa!"

Ilikuwa Jumapili asubuhi, kabla ya ibada. Benjamini Hoza, kaka mkubwa wa mume wangu, alisimama uani kwetu na viatu vyake vya kanisani vimeshajaa tope. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Hapo nikajua jambo si dogo, maana mzee yule huitikia shikamoo hata ya mlevi. Mume wangu akatema makapi ya muwa, akanitazama mimi. Ndivyo alivyo Emanueli. Nyumba ikiwaka moto, yeye anaangalia nani ameshika ndoo.

"Baba Mkubwa, ule ulikuwa utani tu," nikasema. Ndivyo ninavyomwita, kwa ajili ya watoto.

"Utani? Mimi na wewe tuna utani tangu lini? Ukitaka kutania, wapo wadogo zake Emanueli. Mimi ni mkweo, Mama Alen. Mkweo!"

Alisema kweli. Katika ukoo wetu, mdogo wa mume unaweza kumwambia ana miguu kama ya kuku na akacheka. Kaka mkubwa wa mume ni baba mkwe wa pili. Unampisha njia, hukalii kiti chake, na mbele yake ulimi unaufunga kamba.

"Nataka kuku," akasema. "Jike, mzima. Na neno la kuomba radhi, mbele ya watu wale wale waliokusikia."

"Kuku kwa neno moja? Ningejua ningesema matano, nitoe ng'ombe kabisa! Silipi hata yai. Treni yako ilianguka yenyewe. Kwani mimi niliisukuma?"

Akageuka akashuka zake, akipita pembeni ya matuta ya kabichi. Mume wangu akasema, "Umezidisha." Nikamwambia amalize muwa wake.

Lile swali langu la mwisho ndilo linalonichoma. Nitaeleza yote, na mahali nilipofanya ubaya sitapafunika.

Benjamini aliajiriwa relini kule bondeni, Mombo, akiwa kijana ambaye ndevu hazijaota vizuri. Aliwekwa kwenye gengi, yaani kile kikundi cha watu wanaotunza kipande chao cha njia. Kila asubuhi wanatembea juu ya mataruma yanayobeba reli, na spana ndefu na nyundo, wanakaza palipolegea, wanaongeza kokoto palipotitia, wanagonga chuma na kusikiliza kinavyolia. Alifanya hivyo miaka ishirini na sita, katika joto la bondeni ambalo sisi wa huku juu tukishushwa kwa saa mbili tunaomba maji kama wagonjwa. Halafu treni zikapungua, wafanyakazi wakapunguzwa, gengi lake lote likarudishwa nyumbani siku moja. Akapanda mlima na sanduku la bati na spana moja aliyoruhusiwa kuondoka nayo.

Hakuwa mtu wa kujisifu. Kitu kimoja tu alikuwa akikisema, kwenye misiba, kwenye harusi, hata kwenye kikao cha maji: "Miaka ishirini na sita, kwenye kipande chetu, hakuna behewa lililoacha reli. Hata moja." Tulikuwa tumekisikia mpaka tumechoka. Watoto wangu walikuwa wanakimalizia kabla yake.

Mkewe alipofariki, miaka sita iliyopita, alibaki peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu, hatua mia moja chini ya kwetu. Binti yake Esteria ameolewa Muheza, anauza machungwa na viungo sokoni. Yeye ndiye aliyemletea ile treni. Aliikuta kwenye mtumba. Ni kichwa kimoja cha kijani kinachotumia betri, na mabehewa mawili, lakini reli zake hazikuwemo. "Baba, nimekuletea mchezo," alisema. Mzee akakigeuza kile kichwa, akapima upana wa magurudumu kwa kidole, akasema, "Mchezo hauna njia. Nitautengenezea."

Alinunua milango miwili ya mbao kutoka duka lililokuwa linabomolewa, akaiunganisha kichwa kwa kichwa juu ya makreti ya soda pale sebuleni. Mataruma aliyakata kwa mbao za paini, moja moja, madogo kama njiti ya kibiriti iliyonenepa. Reli zilikuwa waya mnene wa uzio, aliounyoosha kwa nyundo juu ya jiwe mpaka ukawa kama umepigwa rula. Misumari alinunua kwa fundi viatu. Kwa kupima upana alikata kipande cha bati, akakipitisha katikati ya reli mbili kutoka mwanzo hadi mwisho, kikikwama anang'oa, kikichezacheza anang'oa. Miezi saba! Mimi nikipita na beseni langu la kabichi kwenda sokoni namkuta amepiga magoti, shavu ameliweka juu ya mlango, jicho moja amelifumba, anaitazama reli kama mtu anayechungulia bunduki.

"Baba Mkubwa, utakuja kuota mizizi hapo," namwambia.

"Nenda kauze kabichi, Mama Alen."

Stesheni aliziandika kwa rangi nyeupe: Muheza, Korogwe, Mombo. Mombo ilikuwa kwenye kona, mwisho wa mlango wa pili, karibu na dirisha.

Sasa, Jumamosi ile jumuiya yetu ya maombi ilikuwa na zamu ya kusali kwake. Na kwa kuwa hana mke, usafi wa nyumba ni kazi yangu, sijaambiwa na mtu, ndivyo ilivyo tu. Ijumaa yeye alikwenda Mlola kumzika mtu waliyefanya naye kazi. Nikaingia na ufagio na ndoo. Nikafuta, nikapangusa, nikasogeza milango ile ukutani ili mabenchi yaenee. Na nilipokuwa nafuta vumbi juu ya ile njia, nikaona kona ya Mombo imekaa vibaya. Reli ya ndani imelala, reli ya nje imenyanyuka. Nikainama. Chini ya mataruma, upande wa nje, mlikuwa mmechomekwa vipande vya mwanzi.

Sisi watu wa milimani tunafundishwa kitu kimoja kabla hata ya kusoma: sawazisha. Tuta likiinama, mvua inalibeba. Kizingiti kikiinama, nyumba inakwenda. Mama yangu alikuwa akiweka sufuria ya maji juu ya tuta jipya, maji yakiegemea upande mmoja tunachapwa, tunarudia. Kwa hiyo nilipoona ile kona imeinama, mkono wangu haukuniuliza. Nilichomoa vile vipande. Vilikuwa saba. Nilichukua nyundo yake mwenyewe, nikaigonga ile reli ya nje mpaka ikakaa sawa na mwenzake. Vipande nikavitupa jikoni kwangu, nikachemshia chai.

Na niseme na hili. Vipande vile vilikuwa vimepangwa. Cha kwanza chembamba, cha pili kimezidi, mpaka cha katikati kilichokuwa kinene, halafu vinapungua tena mpaka cha mwisho. Niliona. Mtu akiona vitu vimepangwa hivyo anajua kuna mkono uliopanga. Mimi nilijua, na nikachomoa.

Jumamosi watu wakaja. Mwinjilisti Kristian akasalisha, tukaimba, tukala viazi na maharage. Kisha Mwalimu Mwanahamisi akaingia. Yeye ni Mwislamu, si wa jumuiya yetu, lakini ni jirani, na Benjamini alimwalika makusudi. Darasa lake la tano wanasoma habari za usafirishaji, na nusu yao hawajawahi kuiona treni. Alitaka mzee aipeleke shuleni.

Benjamini akasimama. Amevaa koti. Akasema ile kauli yake, miaka ishirini na sita, hakuna behewa lililoacha reli, na watu wakaitikia kama wimbo. Akawasha kichwa. Kikatoka Muheza vizuri, kikapita Korogwe, kikaingia kona ya Mombo, kikapanda juu ya reli ya nje, kikaanguka.

Watu wakasema "Aah!" Akakirudisha. Kikaanguka tena. Akalala shavu juu ya mlango, akatazama, na nikaona uso wake umebadilika, lakini wakati ule sikuelewa. Akajaribu mara ya tatu. Safari hii treni nzima, na mabehewa yake, ikaruka mezani ikatua miguuni kwa Mwinjilisti, magurudumu yakizunguka hewani kama mende aliyepinduliwa.

Watu wakaanza kucheka kwa chini. Na mimi, ambaye mdomo wangu haujawahi kukosa tonge, nikasema kwa sauti ya sokoni:

"Ndiyo sasa tumejua kwa nini relini walikurudisha nyumbani!"

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Mwinjilisti mwenyewe alifunika mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Benjamini aliokota kichwa chake cha treni, akakifuta kwa pindo la koti, akaingia chumbani.

Ndiyo asubuhi yake akaja uani kudai kuku.

Jumanne mume wangu alikwenda kumwona. Alirudi nikiwa namenya viazi, akakaa kwenye kinu. Nikamuuliza, "Bado ana kisirani?"

"Kisirani kimekwisha. Afadhali angekuwa nacho." Akakuna kichwa. "Kaka anasema akili inamwacha."

"Nani kamwambia?"

"Anajiambia mwenyewe. Anasema kwenye kona, reli ya nje lazima inyanyuliwe. Treni ikikata kona inataka kukimbilia nje, ile reli ikinyanyuka inairudisha ndani. Anasema kitu hicho hata mtoto wa gengi anakijua. Na yeye anakumbuka kabisa kwamba alikata vipande vya mwanzi akavichomeka. Anaviona machoni. Lakini ametazama, havipo. Reli imelala chini na imepigiliwa. Basi anasema hakuvichomeka, aliota."

Kisu kilisimama kwenye kiazi.

"Amempigia Esteria," mume wangu akaendelea. "Atahamia Muheza baada ya mavuno. Anasema mtu anayeanza kukumbuka vitu ambavyo havikuwepo hafai kuwasha jiko peke yake. Nyumba tutafute mpangaji."

Hapo ndipo ningesema. Sentensi moja tu: nilivichomoa mimi. Mume wangu hapigi, hafokei, angesema "Umezidisha" na kunywa chai. Nilifungua mdomo, na mdomo ule ule uliokuwa hodari Jumamosi ukatoa maneno haya: "Uzee ndivyo ulivyo." Nikaendelea kumenya.

Nilifikiri nitalipa kwa mlango wa nyuma. Alhamisi nilimshika kuku mmoja, mweupe, nikamfunga miguu, nikamwacha kizingitini kwa Benjamini nikakimbia kama mwizi anayeiba kinyume. Kabla ya adhuhuri alimrudisha. Alimweka chini mbele yangu, taratibu.

"Kuku bila neno ni mboga," akasema. "Na mimi mboga ninayo."

Alikuwa amekonda kwa siku tano tu. Alitaja jina langu polepole, kama mtu anayehakikisha kwamba hajalikosea. Hiyo ndiyo ilinimaliza. Mzee alikuwa anajipima. Baadaye nilimwona anahesabu mbuzi wake watatu mara mbili.

Aliyemwinua kidogo ni Mwalimu Mwanahamisi. Alimwendea akamwambia, "Mzee wangu, ukienda Muheza hiyo treni utaiacha kwa nani? Ipe shule." Benjamini akakubali, lakini akasema njia mbovu hakabidhi. Angeitengeneza kwanza yote, ndipo aondoke. Na kwa kuwa hakiamini tena kichwa chake, alitaka mtu wa kukaa naye na kuandika kila anachofanya, ili akisahau asome. Mume wangu, bila kuniuliza, akanitaja mimi. "Ana mwandiko," alisema.

Ninao. Darasa la saba, lakini mwandiko wangu hata karani wa kijiji anauomba.

Kwa hiyo Jumatatu nikaenda na daftari la mistari. Nilimsalimu, safari hii akaitikia, "Marahaba," nikakaa kwenye kreti. Hakutaja kuku. Hakutaja Jumamosi. Akapiga magoti, akaweka shavu.

"Andika," akasema. "Kosa la kwanza. Pale milango inapoungana pana kijinundu. Mlango mmoja umepanda kwa unyevu. Kosa langu. Mbao ilikuwa haijakauka."

Nikaandika. Akang'oa misumari ya viatu, akaupiga randa ule mwinuko, akarudisha. Kipande cha bati kikapita bila kukwama.

"Kosa la pili. Korogwe. Viungo vya reli hii na reli ile nimevikutanisha sehemu moja. Huo ni uvivu. Kiungo cha kulia kitazame katikati ya reli ya kushoto, vinginevyo njia inavunjika kama mguu wa panzi. Kosa langu."

Nikaandika. Alikuwa anasema "kosa langu" kama mtu anayesoma orodha ya vitu vyake, bila kona kona. Alikata waya, akausogeza, akaugonga na kusikiliza. Mikono yake ilikuwa haitetemeki hata kidogo. Nilitazama mikono ile nikajisemea, huyu ndiye unayemwacha aamini akili imeondoka.

"Kosa la tatu. Hapa nafasi kati ya reli na reli zimeziba. Chuma lazima kipumue. Bondeni kule, joto la saa nane, reli isiyo na nafasi inapinda kama nyoka." Alichukua wembe, akaupitisha kwenye kila kiungo. "Nafasi ya wembe. Andika hivyo."

Nikaandika, nafasi ya wembe.

Kisha tukafika Mombo. Akakaa chini kabisa, miguu mbele, kama mtoto. Akaitazama ile kona kwa muda mrefu. Akaugusa ule waya niliougonga, mahali ambapo nyundo iliacha alama.

"Hapa hata msumari nimeupiga vibaya," akasema. "Sijui nilikuwa na nini. Reli imelalia ndani. Tazama, bati halipiti." Akalijaribu, halikupita. "Andika. Kosa la nne. Reli ya nje kwenye kona inyanyuliwe. Benjamini alisahau."

Na mimi nikaandika.

Nimefanya mabaya mengine maishani. Nimewahi kuficha kabichi zilizooza chini ya gunia. Nimewahi kumnunia mama mkwe mpaka akafa hatujapatana vizuri. Lakini hakuna kinachonifanya nione haya peke yangu, nikiwa nafua, nikiwa natembea njiani, kama mwandiko wangu mzuri ule: *Benjamini alisahau.* Niliuandika kwa kalamu ya bluu, sikukosea herufi. Akaniambia nimsomee, nikamsomea.

Akaitikia kwa kichwa. "Sawa. Kesho nitakata vipande."

Nilikwenda nyumbani sikula. Mume wangu akauliza naumwa nini. Nikamwambia yote, vipande, nyundo, chai. Alivua viatu, akavipanga mlangoni. Kisha akasema, "Ulimwambia maneno mbele ya jumuiya. Hili nalo ni la huko huko. Ukimwambia jikoni, atadhani tumepanga ili kumliwaza."

Mara moja katika maisha, Emanueli aliona mbali kuliko mimi.

Jumamosi jumuiya ilikuwa kwa Mwinjilisti Kristian. Watu wale wale, mabenchi yale yale, wameyabeba. Benjamini alikaa pembeni, karibu na mlango, koti limemzidi mwili. Ulipofika wakati wa shukrani na maombi maalumu, nikasimama. Watu wakajipanga kucheka, maana mimi nikisimama huwa kuna kitu.

"Sina shukrani," nikasema. "Nina deni. Wiki mbili zilizopita nilimwambia Baba Mkubwa neno ambalo mkwe haambiwi. Naomba radhi mbele yenu, kama nilivyosema mbele yenu."

Mwinjilisti akasema, "Amina," akadhani nimemaliza. Watu wakaanza kupiga makofi.

"Sijamaliza!" nikafoka, nikawanyamazisha. "Ile treni ilianguka kwa sababu yangu. Ijumaa nilipofagia, niliona kona imeinama nikaisawazisha. Nilichomoa vipande vya mwanzi vilivyokuwa chini ya reli. Nikaigonga reli kwa nyundo. Vipande nikavichoma, nikachemshia chai. Hakusahau. Aliviweka, nikavitoa mimi. Nimejua tangu Jumanne ile, na nikanyamaza, na nikaandika daftarini kwamba alisahau."

Shingo yangu iliwaka kama nimemwagiwa maji ya moto. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema chini kwa chini, "Yesu wangu."

Benjamini hakuinuka. "Emanueli ndiye aliyekutuma," akasema polepole. "Mmekaa mkaona mzee anaaibika, mkatunga. Nawashukuru. Kaa chini, mama."

"Hatukutunga. Vilikuwa saba."

"Idadi nilimtajia Emanueli mwenyewe."

"Basi niulize kisichotajwa," nikamwambia, na sikukaa.

Alifikiri. Mabenchi yote yakamgeukia.

"Cha katikati," akasema. "Kile kinene. Kilikuwaje?"

"Kilikuwa cheusi upande mmoja. Moshi. Ulikikata kwenye mwanzi wa dari ya jikoni kwako, siyo kama vile vingine. Na kilikuwa na fundo, ukalichonga nusu ukaliacha nusu."

Mzee aliweka mikono yote miwili juu ya magoti. Nilimwona anavuta pumzi, moja, ndefu, kama mtu aliyetua gunia la viazi baada ya kulipandisha kutoka bondeni. Akasema, si kwangu, si kwa mtu yeyote, "Kisu kiligoma kwenye lile fundo." Kisha akarudia kwa nguvu zaidi, "Kisu kiligoma!"

Ndipo akanigeukia, na hapo nilipata nilichostahili.

"Mwanamke mjinga! Unaona reli imenyanyuliwa kwa kipimo, kidogo kidogo, mtu ametumia siku mbili, wewe unagonga? Ungeona mguu wa mtu umepinda kwenye goti ungeugonga unyooke?"

"Ndiyo, Baba Mkubwa."

"Na kuchemshia chai!"

"Ndiyo, Baba Mkubwa."

"Siku kumi na moja nimejihesabia mbuzi kama kichaa!"

Watu walitazama sakafu. Hakuna aliyecheka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kama wangecheka. Mwinjilisti akataka kuingiza wimbo, Benjamini akamwinulia mkono. "Acha kwanza," akasema, akasimama, akavaa kofia yake, akatoka. Tulimsikia akishuka njiani. Alikuwa anatembea haraka.

Jumapili hakuja kanisani. Jumatatu nilisikia nyundo ikigonga kwake, tik, tik, tangu asubuhi, nikaogopa kwenda. Jumanne Mwalimu Mwanahamisi alipita akaniambia treni imepita ile kona mara arobaini bila kuanguka, alihesabu yeye mwenyewe, na darasa la tano watakwenda kuitazama nyumbani kwa mzee, kwa sababu amebadili mawazo, haitoi.

Jumatano asubuhi akaja uani kwetu. Nilikuwa nawarushia kuku mtama. Nikaweka bakuli chini.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba." Akakaa kwenye kinu, bila kukaribishwa, kama zamani. "Lile daftari liko wapi?"

Nikamletea. Akalifungua mwisho, akachana ule ukurasa wa Mombo, akaukunja, akautia mfukoni. Daftari akanirudishia.

"Utaandika upya," akasema. "Kosa la nne. Mtu alisawazisha."

"Niandike jina?"

"Andika jina."

Nikaandika pale pale, nimechuchumaa, daftari juu ya goti, jina langu lote mpaka la ukoo. Akasoma, akaridhika.

"Esteria nimempigia," akasema. "Nimemwambia kile kitanda alichoniandalia ampe mtu mwingine." Kisha akatazama kuku zangu, taratibu, mmoja mmoja, kama anavyotazama reli. Nikakimbilia yule mweupe, yule aliyewahi kumrudisha. Nilikuwa nimeshamshika mbawa.

"Huyo sitaki."

"Ndiye niliyekuletea siku ile."

"Siku ile hukuwa umesema neno. Na sasa madeni ni mawili." Akanyoosha kidole. "Yule."

Alikuwa amemwonyesha kuku wangu wa madoadoa, anayetaga kila siku bila kukosa, mvua au jua, ambaye mayai yake ndiyo sabuni na chumvi ya nyumba hii. Mume wangu aliyekuwa mlangoni akafungua mdomo. Nikamtazama, akaufunga.

Nilimkimbiza yule kuku kuzunguka matuta yote ya kabichi kabla sijamkamata. Nikamfunga miguu kwa kamba ya mgomba, nikapiga goti, nikampa mzee kwa mikono miwili.

Akampokea. Akampima uzito mkononi, akampapasa kifua.

"Limekwisha," akasema, akateremka naye.